Urefu wa Mlango, Urefu wa Treni

Fundi Bawaba alikuwa na kichwa kigumu, hilo halina ubishi, lakini mikono yake, nyie acheni tu. Alitengeneza milango. Hakutaka kusikia habari za meza wala vitanda. Milango tu, tangu ndevu zake zikiwa nyeusi mpaka zikageuka. Mlango aliouweka yeye ulifunguka kwa kidole kimoja na haukulia hata siku moja, ndiyo maana mtaa mzima ulilisahau jina alilopewa na mama yake ukamwita Bawaba. Kwa hiyo mpwa wake, mwalimu wa fizikia, alipohitaji treni mbili za mbao za kufundishia, alimpigia simu yeye. Angempigia nani mwingine?

"Ya kwanza itengeneze ya kawaida, mjomba," alimwambia. "Ya pili iwe ile ile, ila upana usiguse, unene usiguse. Urefu tu ndio ukate nusu."

"Upana nisiguse, unene nisiguse, urefu nusu," mjomba akarudia, msumeno ukinguruma nyuma yake. "Hilo tu? Mwanangu, hiyo kazi naifanya nimefumba macho."

Na kweli, ungeiona kazi yenyewe ungesema aliyafumba.

Asubuhi ya siku ya kuchagua masomo, mzee aliusukuma mlango wa maabara kwa bega akaingia, kakumbatia furushi la magazeti. Mpwa wake alikuwa amepanda juu ya kigoda akibandika picha ukutani. Wanafunzi walimwita Madam Kasi, kwa sababu alitembea mbio, akaongea mbio, na chaki mkononi mwake haikumaliza kipindi. Aliruka kutoka kwenye kigoda kabla hata furushi halijawekwa mezani.

"Shikamoo, mjomba! Umeniokoa."

"Marahaba, mama. Fungua, ujionee."

Akafungua. Treni ya kwanza ilikuwa ya kutia mate mdomoni. Magurudumu yanazunguka, madirisha yamechongwa, na kila dirisha lina abiria wake aliyepakwa rangi: mama mwenye kilemba, bwana mwenye upara, mtoto kabandika pua kwenye kioo. Madam Kasi akacheka kwa furaha kama mtoto. Kisha akafunua ya pili, kicheko kikamkauka.

Ilikuwa ndefu sawasawa na ya kwanza, hata unywele haukuzidi. Ila ilikuwa imebonyea kwenda chini kama iliyokaliwa na tembo. Paa lilikuwa limeshuka mpaka vifuani mwa abiria. Vichwa havikuwepo.

"Mjomba. Hii ni nini?"

"Ya pili hiyo. Vichwa vilinisumbua kidogo, havikuenea. Nikasema basi, wameinama."

"Nilisema ukate urefu!"

"Na urefu nimekata." Mzee akatoa penseli nyuma ya sikio, akaanza kuonyesha taratibu, kama mtu anayemwelewesha mteja msumbufu. "Huu hapa, wa kutoka chini kwenda juu, ni urefu. Huu wa kutoka huku kwenda kule, upana. Huu wa kuingia ndani, unene. Mlango ndivyo ulivyo."

"Treni siyo mlango!"

"Uliniambia upana nisiguse. Haya, nimeugusa?"

Na nyie msimcheke mzee wa watu. Hebu muulize mtu urefu wa mwanawe, atakuonyesha kwa kiganja kutoka sakafuni. Muulize urefu wa kamba, atatandaza mikono yote miwili. Neno ni hilo hilo moja, mara limesimama, mara limelala, na sisi tumelizoea hata hatulioni. Mwalimu alilisema likiwa limelala. Fundi wa milango akalisikia limesimama. Wala hakuna aliyedanganya.

Lakini siku yenyewe haikuwa ya kuchekea neno. Katika shule ile wanafunzi hawakuchagua masomo kwa karatasi, kwa kuwa zamani karatasi zilijazwa na wazazi nyumbani, na watoto wakajikuta wanasomea ndoto za baba zao. Walichagua kwa miguu. Baada ya maonyesho, kila mwalimu alisimama uani, uso ukutani ili macho yake yasimtishe mtoto wala kumbembeleza, na wanafunzi wakapanga mstari nyuma ya mwalimu wa somo wanalolitaka. Mwaka uliopita mstari wa fizikia ulikuwa wa aibu. Mkuu wa shule, mwanamke asiyependa maneno mengi, alikuwa amemwita Madam Kasi ofisini na kumweleza pasipo kuzunguka: safari hii mstari usipolifikia bomba la maji lililo katikati ya ua, somo linafungwa, maabara inakuwa ghala la viti vibovu, na yeye atafutiwe shule nyingine akafundishe hesabu za watoto wadogo.

Si kwamba alidharau hesabu za watoto wadogo. Ila chumba kile alikipaka rangi kwa mikono yake. Alikuwa na umri wa wanafunzi wake pale aliposikia kwa mara ya kwanza kwamba kitu kikikimbia karibu na kasi ya mwanga hufupika, na wiki nzima alitembea kama aliyeambiwa siri na dunia yenyewe. Tangu hapo hakutaka kitu kingine zaidi ya kuwaambia wengine siri ile. Treni mbili zile zilikuwa ndiyo kauli yake ya mwisho. Na sasa moja imekaliwa na tembo.

"Nikaikate upya?" mjomba akauliza, sauti imeshuka.

"Kwa kifaa gani, kwa meno? Wageni wako mlangoni! Mjomba, umenimaliza. Umenimaliza kabisa."

Maneno yalimtoka kabla hayajapita kichwani. Mzee alivua kofia yake, akaenda kusimama pembeni karibu na mlango, na kwa mara ya kwanza Madam Kasi aliona jinsi alivyozeeka. Roho ikamuuma, lakini kengele ilikuwa imelia na watu walikuwa wanaingia.

Waliingia wachache. Wengi walikuwa chumba cha jirani, ambako mwalimu wa kemia alikuwa akitoa moshi wa rangi ya zambarau, na kila baada ya muda kishindo kilisikika kikifuatiwa na makofi. Bwana yule alikuwa na bahati ya kufundisha somo linalolipuka. Kwa Madam Kasi waliketi wanafunzi wa kujaza nusu ya viti na wazazi wa kuhesabika, mmojawao mama wa miraba minne mwenye funguo za lori kiunoni. Mbele kabisa aliketi binti yake, ambaye shule nzima ilimwita Kasuku, maana mdomo wake haukuwa na likizo.

"Madam," Kasuku akaanza, hata salamu hazijaisha, "mbona hawa abiria wamekatwa vichwa?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mvulana mmoja akauliza kama ni treni ya kwenda machinjioni, wakacheka tena. Njia ilikuwa moja nyepesi: kusema fundi kakosea, kuificha treni chini ya meza na kuchora kwa chaki. Akageuka aseme hivyo. Akamwona mjomba wake mlangoni, kofia kaikunja mikononi kama kitambaa cha kufutia vumbi, macho chini, akisubiri kusemwa mbele ya watu.

Neno halikutoka. Likaja jingine, na hata yeye mwenyewe hakujua lilikotoka.

"Nani kawaambia imekosewa?" akauliza. "Haya, tukorofishane. Wataalamu wanasema kitu kikienda mbio sana, mbio za kuukaribia mwanga, hufupika. Fundi wetu anasema kinafupika kwenda juu. Mnamwamini au hamumwamini?"

"Hatumwamini!"

"Kwa nini?"

Kila mtu alijua ni kichekesho, ila hakuna aliyejua kwa nini.

Madam Kasi akachukua boksi la chaki, akalimwaga, akalitoboa pande mbili, akaliweka mezani. Treni ya kwanza, ile nzima, iliingia humo ikipita kwa shida, paa likiukaribia ukingo wa juu kiasi cha kupitisha karatasi tu. "Hili ni handaki," akasema. "Treni ikiwa imesimama, inaenea barabara. Sasa nyie wa upande wa dirisha mnakaa kando ya handaki. Nyie wa upande wa mlango mko ndani ya treni. Treni inakuja, mbio za ajabu. Wa handaki, mnaona nini? Kwa mujibu wa fundi."

"Treni imebonyea," wakajibu.

"Itapita?"

"Itapita, na nafasi inabaki!"

"Wa treni! Nyie mmekaa kwenye viti vyenu, mnakunywa chai. Chai haimwagiki. Rula mkipima nayo viti, viti ni vile vile. Kwenu nyie kinachokimbia ni nini?"

Wakatazamana. "Handaki," mmoja akasema kwa wasiwasi. "Handaki ndilo linatujia."

"Kwa hiyo kilichobonyea ni nini?"

Hapo Kasuku akaruka kutoka kitini. "Handaki! Mungu wangu, handaki limeshuka! Tutagonga!"

"Hamgongi," wakapinga wa dirishani. "Nyie ndio mmeshuka!"

"Sisi tumekaa, nyie ndio mnakimbia!"

Zogo likaanza. Madam Kasi akaliacha lichemke, mikono kifuani. Aliyelikata ni mama wa lori. Alisimama, funguo zikalia kiunoni. "Jamani, mimi naendesha gari refu, na madaraja mafupi nayajua," akasema. "Bati likikunjwa, limekunjwa. Hakuna cha mimi nimeona, wewe hujaona. Treni ikitoka upande wa pili, paa ama lipo ama halipo."

"Ehe!" Madam Kasi akapiga meza. "Paa ama lipo ama halipo! Wakisimama wote baada ya safari walitazame, lazima wakubaliane. Lakini tukimfuata fundi, hawa wanasema lipo na hawa wanasema limeng'oka. Haiwezekani. Kwa hiyo kwenda juu hakuna kufupika, hata kidogo, hata ukimbie vipi. Na kwa upande, vivyo hivyo. Kinachofupika ni kule kunakokwenda safari peke yake." Akachora ubaoni abiria waliosimama wima kama kawaida, lakini wembamba kama kijiti cha kiberiti. "Si wafupi. Wamekondeana! Behewa linabaki na kimo chake, linapungua kutoka pua hadi mkia, na nafasi yote tunayoipima ndani yake inapungua pamoja nalo. Ila wao wenyewe hawana habari. Wanakunywa chai."

Watu wakacheka, lakini safari hii walicheka wakiwa wameinama mbele kwenye viti. Mlango ulikuwa umefunguliwa. Baadhi ya wale wa moshi wa zambarau walikuwa wamekuja kuchungulia ni ugomvi gani huo. Fundi Bawaba alisogea wapite. Kofia ilikuwa imerudi kichwani.

Basi, mambo yalikuwa yamenyooka, na hapo ndipo Kasuku alipoyapinda.

"Subiri, Madam." Alikuwa amekunja uso, kitu ambacho hakikuzoeleka kwake. "Hata hiyo ya kwenda mbele si ugomvi ule ule? Wa handaki wanasema treni fupi. Sisi tunasema handaki fupi. Sasa wakiweka mageti mawili, mbele na nyuma, wakayafunga kwa pamoja treni ikiwa ndani, kisha wakayafungua upesi... wao wataweza, si kwao treni ni fupi? Lakini kwetu treni ni ndefu kuliko handaki. Mageti yatatukata mkia. Na mkia ama upo ama haupo!"

"Heee!" watu wakaguna. Mama wa lori akamtazama binti yake kana kwamba ndiyo kwanza anakutana naye.

Madam Kasi akasisimka mpaka nywele. Hilo ndilo swali lililomkosesha raha wiki nzima ujanani. "Kitu kinachokimbia unakipimaje?" akasema, sasa akienda mbio za jina lake. "Ukishika pua yake leo na mkia wake kesho, umepima nini? Lazima uzikamate ncha mbili kwa mpigo mmoja. Na hapo ndipo kuna jambo. Mpigo mmoja wa watu wa handaki, kwa watu wa treni si mpigo mmoja. Wale wanasema mageti yamefungwa pamoja. Nyie mnasema, hapana, moja lilitangulia. Na hakuna muongo. Sasa lililotangulia..."

Kengele ikalia.

Ikalia kwa ukali kama kawaida yake, na sauti ya makamu mkuu wa shule ikapaa kwenye varanda: wote uani, wote uani mara moja. Viti vikakwaruza. Wanafunzi wakatoka wakisukumana na kubishana, na hakuna hata mmoja aliyegeuka nyuma. Madam Kasi akabaki na kipande cha chaki. Alikuwa na hadithi moja ya kuwapa, nao wameondoka bila mwisho wake. Wenzake wamewapa moshi na vishindo, yeye kawapa fumbo lisilofumbuliwa.

"Mjomba," akasema, "nisamehe kwa yale ya asubuhi. Hukunimaliza. Bila treni yako nisingefika hata hapo."

"Mimi nimesikia," mzee akajibu. Akaigusa treni yake iliyobonyea. "Yaani nimekosea mpaka ikawa somo?"

"Umekosea vizuri, mjomba. Sijawahi kuona mtu akikosea vizuri hivyo."

Mzee akacheka, wakatoka pamoja.

Uani walimu walikuwa wamesimama wameutazama ukuta, kila mmoja mahali pake. Madam Kasi akasimama pake. Rangi ya ukuta ilikuwa inabanduka, akaitazama hiyo kwa kukosa pengine. Nyuma yake akasikia mamia ya miguu ikikanyaga changarawe. Mingine ilikwenda kulia, kwa mwalimu wa kemia, miguu mingi, mingi mno. Mingine ikaenda kushoto, kwa biashara. Nyuma yake mwenyewe palikuwa na mnong'ono tu. Alijaribu kukisia ni watu wangapi wanaonong'ona hivyo, akashindwa.

"Walimu, geukeni!"

Akageuka. Macho yake yaliruka vichwa vyote yakaenda moja kwa moja kwenye bomba, na kati ya mtu wa mwisho na bomba palikuwa na changarawe tupu. Nafasi ya kutosha kulaza mlango. Hata mstari wenyewe haukuwa mstari, ulikuwa lundo: wamebanana, wanashikana mashati, wanachorana viganjani kwa kalamu. Nao wako wangapi? Hakuweza hata kuhesabu, machozi yalikuwa yameshafika.

Mkuu wa shule alikuja taratibu, akalitazama bomba, akamtazama yeye. Hakuwa mwanamke katili. "Mwalimu," akaanza, "pole sana. Umejitahidi, kila mtu ameona, lakini..."

Firimbi ikapasua hewa. Makamu mkuu, ambaye kwake jambo baya kupita yote duniani lilikuwa mstari uliopinda, alikuwa amefika kwenye lundo lile na mishipa imemsimama.

"Huu ni mstari au ni kundi la nyuki? Wenzenu wote wamejipanga! Mkono begani kwa mwenzako! Nyoosha! Rudi nyuma! Nyoosha!"

Wakarudi nyuma huku wakinung'unika, wakinyoosha mikono. Lundo likafunguka. Mmoja akatokea nyuma ya mmoja, na mwingine ambaye hakuwa akionekana, na wengine wawili waliokuwa wamechuchumaa wakichora mageti mchangani. Mstari ukarudi, ukarudi. Mtu wa mwisho akagusa bomba kwa mgongo, akatazama nyuma, akalizunguka, akarudi tena, na bado mbele yake watu walikuwa wakiendelea kunyoosha mikono. Ulipotulia, mkia wake ulikuwa umelipita bomba na kufika kwenye ngazi za ofisi ya mkuu mwenyewe.

Mkuu wa shule akautazama kutoka pua hadi mkia, kisha akaurudia tena kutoka mkia hadi pua. "Aisee," akasema, na kutoka kwake hiyo ilikuwa hotuba. Kisha akasema, "Tafuta viti zaidi, Mwalimu."

Madam Kasi akalia palepale, waziwazi, bila kujificha ukutani. Kule kwenye geti la shule Fundi Bawaba alikuwa amevua kofia tena, sasa akiipunga.

Kasuku alikuwa wa kwanza mstarini, mkono wake haukuwa na bega la kushika kwa hiyo uliishia kwenye mkono wa mwalimu. Machozi hayakumshughulisha hata kidogo. Alikuwa na jambo lake. "Madam, hukumaliza. Kwa sisi wa kwenye treni, geti lipi lilifungwa kwanza?"

Madam Kasi akafuta uso kwa mgongo wa kiganja chenye chaki.

"La mbele," akasema. "Likafunguka, pua ikapita, ndipo la nyuma likafungwa. Mkia ulikuwa umeshaingia."

Neno likapokelewa, likapokezwa, bega kwa bega, likalipita bomba, na kutoka mwisho kabisa, kule kwenye ngazi, mtu akapiga kelele kwamba haiwezekani, yeye hakubali, na athibitishiwe. Makamu akapuliza firimbi mpaka mashavu yakajaa. Haikusaidia kitu. Mstari wote ukavunjika, ukamjia.